Taco za kuku zenye ladha ya Kichina: mwongozo wa kupika nyumbani

Taco za namna hii zikiharibika, mara nyingi mkosaji ni maji. Sosi imezidi, kabichi imetoa jasho, tortila, ule mkate mwembamba unaokunjwa kufunga nyama ukawa taco, imelowa ikapasuka, na nyama imemwagikia sahani kabla haijafika mdomoni. Viungo vinaweza kuwa vizuri kabisa na bado mlo ukaharibika kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo kila hatua hapa chini, kuanzia kukata nyama mpaka kukunja, inalenga kukupa kuku aliyekolea, aliyeshikwa na sosi yake, asiyeacha tone la kulowesha kilichomfunga.

Majiko haya mawili, la Mexico na la China, yamekutana zamani. Huko Mexicali, mji wa Mexico ulio mpakani na Marekani, wahamiaji wa Kichina walifika mwanzoni mwa karne ya 20 kufanya kazi mashambani, wakajenga mtaa wao unaoitwa La Chinesca, na mpaka leo mji huo unasifika kwa mikahawa ya Kichina. Pilipili, ambayo mpishi wa Sichuan, jimbo la China, hawezi kuikosa, asili yake ni bara la Amerika. China iliijua katika karne ya 16. Nako Beijing bata wa kuokwa huliwa akiwa amefungwa ndani ya mkate mwembamba wa ngano pamoja na vitunguu majani, tango na sosi tamu. Kutoka hapo mpaka kwenye taco si mbali, na ndiyo maana nimechagua kukufundisha mkate huohuo wa Beijing uwe tortila yetu.

Vipimo vinatosha taco 12, yaani watu wanne wenye njaa ya kawaida.

Vya kuandaa

Kwa kuku: gramu 600 za mapaja yasiyo na mfupa wala ngozi, ute wa yai moja, kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya, kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi (ule unga mweupe, laini, wa kufanya mchuzi uwe mzito, si unga wa mahindi wa kawaida), kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, na pilipili nyeupe kidogo ya unga.

Kwa sosi: vijiko viwili vya chakula vya sosi ya hoisin (sosi nzito, tamu, ya Kichina), kimoja cha sosi ya soya, kimoja cha siki ya mchele, viwili vya maji au supu ya kuku, kijiko kimoja cha chai cha asali, nusu kijiko cha chai cha viungo vitano vya Kichina, nusu kijiko cha chai cha wanga wa mahindi. Weka kando kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ufuta. Hayo hayapikwi, yanaingia mwisho.

Kwa harufu: punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, vitunguu majani vinne, na pilipili kavu mbili au tatu ukipenda.

Kwa kachumbari: gramu 250 za kabichi, karoti moja, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya siki ya mchele, kijiko kimoja cha chai cha sukari. Halafu tango dogo, majani ya giligilani, ufuta uliokaangwa na ndimu.

Kwa tortila: gramu 250 za unga wa ngano, chumvi kidogo, mililita 160 za maji yanayochemka, na mafuta kidogo ya kupakia.

Neno juu ya viungo vitano. Mchanganyiko wa kawaida una anisi ya nyota, karafuu, mdalasini, shamari na pilipili ya Sichuan. Hiyo ya mwisho si ndugu wa pilipili manga wala wa pilipili kali. Ni ya ukoo wa michungwa na mindimu, na kazi yake ni kuufanya ulimi uwe na ganzi kidogo. Mchanganyiko huu una nguvu. Nusu kijiko kinatosha gramu 600 za nyama, na ukifika kijiko kizima kuku ataanza kuwa na ladha ya karafuu tupu.

Ukikosa hoisin, koroga kijiko kimoja cha chakula cha siagi laini ya karanga, kimoja cha sosi ya soya, kimoja cha asali, kijiko cha chai cha siki na punje moja ya kitunguu saumu iliyosagwa. Haitakuwa hoisin, maana ile hutengenezwa kwa soya iliyochachushwa na ina kina ambacho karanga hazina, lakini inashika nyama vizuri na utamu wake unafanana. Ukitumia mbadala huu, ile sosi ya soya nyingine ipunguze mpaka nusu kijiko, la sivyo chumvi itazidi.

Anza na unga, kwa sababu unahitaji kupumzika

Weka unga na chumvi kwenye bakuli. Mimina maji yanayochemka, yaani yaliyotoka jikoni wakati huohuo, kidogokidogo huku ukikoroga kwa mwiko au vijiti. Maji ya moto yanaivisha sehemu ya wanga wa ngano, wanga huo unashika maji mengi, na zile nyuzi za ngano zinazofanya mkate uvutike kama mpira hazipati nguvu. Matokeo yake ni tortila laini isiyorudi nyuma unapoisukuma na isiyokauka upesi ikipoa. Unga uleule ukikandwa kwa maji baridi unatoa mkate mgumu zaidi, wenye ubishi.

Mwanzoni utaona mabonge yenye unga mkavu hapa na pale. Usikimbilie kuongeza maji. Subiri dakika mbili upoe kiasi cha kushikika, kisha kanda kwa dakika tano au sita. Ukiona bado unamomonyoka, ongeza kijiko cha chakula cha maji baridi. Ukiwa tayari, donge litakuwa laini, ukilibonyeza kwa kidole alama inabaki. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu na uliache kwa nusu saa.

Kabichi itoe maji yake sasa, si kwenye taco

Kata kabichi nyembamba kadiri unavyoweza, paruza karoti, changanya na chumvi, na uvisugue kwa vidole kama dakika moja mpaka viwe vinyevunyevu. Acha dakika 20. Kisha chukua konzi moja moja ukamue kwa nguvu juu ya sinki. Utashangaa maji yanayotoka. Hayo yote yangeishia ndani ya tortila yako. Baada ya kukamua ndipo unatia siki na sukari. Onja: iwe chachu kwanza, tamu baadaye. Usiongeze chumvi tena.

Kachumbari hii ikikaa kwenye jokofu saa moja au mbili inazidi kuwa nzuri. Kabla ya kuipeleka mezani iinue kwa uma, iache maji yake ndani ya bakuli.

Kuku: kata vidogo

Mapaja ni bora kuliko kidari kwa kazi hii. Yana mafuta zaidi, yanavumilia moto mkali, na yakipita dakika moja zaidi ya ilivyotakiwa hayawi makavu. Kidari kinafaa pia, ila hakikusamehe.

Usiioshe nyama. Maji yanayoruka kwenye sinki husambaza vijidudu vya kuku mbichi jikoni, na nyama iliyolowa haikaangiki, inachemka. Ikaushe kwa karatasi ya jikoni pande zote. Ikikuteleza mikononi, iweke kwenye friza dakika 20 ishupae kidogo, itakatika kwa urahisi. Ubao na kisu ulivyotumia kwa kuku mbichi vioshe kwa sabuni kabla havijagusa tango.

Sasa ukubwa wa vipande. Mapishi mengi ya karai ya Kichina hukata nyama kwa vipande virefu vyembamba, na kwa mtu anayekula kwa vijiti hilo ni sawa kabisa. Kwenye taco ni balaa: unang'ata mara moja, kipande kizima kinatoka na kuvuta kila kilicho nyuma yake, na unabaki na mkate mtupu. Kata vipande vya pembe nne vya sentimita moja na nusu. Kila tonge linakuwa na nyama, na nyama inakaa mahali pake.

Tia vipande kwenye bakuli na sosi ya soya na pilipili nyeupe, vikoroge mpaka vinywe. Kisha ute wa yai, uliopigwa kidogo ulegee, na wanga. Changanya kwa mkono mpaka kila kipande kiwe na utando mwembamba unaong'aa. Usiache ute ukituama chini ya bakuli. Maliza na mafuta, yanayosaidia vipande visigandane karaini. Funika, weka kwenye jokofu nusu saa.

Huu ni ufundi wa siku zote wa wapishi wa Kichina. Utando wa wanga na ute unaiva kabla ya nyama, unafunga maji ya kuku ndani, na baadaye unaishika sosi. Bila utando huo, sosi inateleza juu ya nyama na kukusanyika chini. Ukiwa na muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu wote, iwe hii.

Sukuma na uive tortila

Donge likishapumzika, ligawe mara 12. Kila tufe libonyeze liwe duara dogo. Chukua maduara mawili, lipake moja mafuta juu kwa ukarimu, hasa pembezoni, lifunike kwa la pili, kisha yasukume pamoja mpaka yafike upana wa sentimita 16 hivi. Geuza unaposukuma ili la chini nalo lipanuke sawa na la juu.

Kikaango kiwe kikavu, moto wa kati. Weka jozi moja. Baada ya dakika moja hivi utaona sehemu zinainuka na kuvimba, kwani mvuke umeanza kuzitenganisha. Geuza. Upande wa pili unahitaji muda kama huohuo. Unatafuta madoa machache ya kahawia, si rangi ya mwili mzima. Itoe, subiri ipoe kidogo kwa ajili ya vidole vyako, tafuta mahali pembezoni palipoachia, kisha vuta taratibu. Zinaachana mbili, kila moja ina upande uliopata madoa na upande mwororo. Mwororo ndio wa ndani, unaopokea nyama. Zipange ndani ya kitambaa safi na uzifunike. Mvuke wao wenyewe utazilainisha wakati unapika kuku.

Jozi ikigoma kuachana, ama mafuta yalikuwa haba, ama uliitoa mapema. Irudishe nusu dakika.

Ukitaka kununua tortila badala ya kutengeneza, za mahindi na za ngano zote zinafaa. Mimi huona za mahindi zina harufu nzito inayoshindana na viungo vitano, na za ngano zinakaa pembeni na kumwachia kuku jukwaa. Za mahindi zipashe kwenye kikaango kikavu nusu dakika kila upande, zikiwa baridi zinavunjika. Usijaribu kuzitengeneza kwa unga wa mahindi wa kawaida: mahindi ya tortila hupikwa kwanza kwenye maji ya chokaa, ndiyo yanayoufanya unga wake ushikamane. Unga usiopitia chokaa utakatika mkononi.

Kwenye karai

Kabla ya kuwasha moto, weka kila kitu karibu. Changanya vitu vyote vya sosi, isipokuwa mafuta ya ufuta, kwenye kikombe. Kata kitunguu saumu na tangawizi vidogo sana. Vitunguu majani tenganisha: sehemu nyeupe ni ya kupika, ya kijani ni ya kunyunyizia. Kuanzia hapa mambo yanakwenda haraka na hutapata nafasi ya kutafuta kijiko.

Pasha karai au kikaango kizito kwa moto mkubwa mpaka moshi mwembamba uanze kuonekana. Tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta, zungusha. Weka nusu tu ya kuku. Ukiweka yote kwa pamoja moto unashuka, nyama inatoa maji, na badala ya kukaanga unakuwa unatokosa. Tandaza vipande, kisha uviache. Dakika nzima bila kuvigusa. Ukivigeuza mapema utando unang'oka na kubaki karaini. Ukisubiri, vinajiachia vyenyewe vikiwa na upande wa dhahabu. Geuza, endelea dakika mbili au tatu, toa. Rudia na nusu iliyobaki. Kuku awe ameiva mpaka ndani: kata kipande kinene kuliko vyote, asiwe na rangi ya waridi. Mwenye kipimajoto atafute nyuzijoto 74.

Punguza moto uwe wa kati, ongeza mafuta kidogo kama karai limekauka. Tia pilipili kavu, kisha tangawizi, kitunguu saumu na sehemu nyeupe za vitunguu majani. Sekunde 20 mpaka 30 zinatosha. Harufu ikishapanda, endelea, kwani kitunguu saumu kikifika rangi ya kahawia kinakuwa kichungu.

Rudisha kuku wote. Koroga kikombe cha sosi mara ya mwisho, kwa maana wanga huzama chini, halafu mimina pembeni mwa karai, sio katikati. Pandisha moto, geuzageuza. Mwanzo sosi itakuwa na povu dogo jepesi. Baada ya nusu dakika mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole, na nyama inaanza kung'aa. Pitisha mwiko chini ya karai: mstari ukibaki wazi kwa muda kabla sosi haijaufunika, zima moto. Mstari ukijifunga papo hapo, bado. Pika sekunde 15 nyingine uujaribu tena. Sahani ya wali ingefurahia sosi iliyo nyepesi zaidi ya hapo, ila taco inataka iliyokauka kiasi hiki.

Moto ukiwa umezimwa, tia mafuta ya ufuta na ugeuze mara mbili. Harufu yake hupotea upesi kwenye moto mkali, kwa hiyo ukiyatia mapema umeyapoteza bure.

Kupanga

Weka kuku kwanza, moja kwa moja juu ya tortila, vijiko viwili vya chakula si zaidi. Juu yake kachumbari iliyokamuliwa, halafu vijiti vyembamba vya tango ulilolitoa mbegu (kwenye mbegu ndiko maji yaliko), majani ya vitunguu, giligilani, ufuta. Ndimu ikamuliwe na mlaji mwenyewe, tone kwa tone, akiwa tayari kung'ata.

Kuku ana utamu na chumvi, kwa hiyo vinavyomkalia juu viwe vichachu na vyenye kulia mdomoni. Jibini siipendekezi, ikikutana na hoisin zote mbili zinazidi kuwa nzito. Parachichi linaweza kuingia kama vipande vichache, hasa pale ulipotia pilipili nyingi.

Wapenda ukali watengenezewe mafuta ya pilipili: kijiko kimoja cha chakula cha pilipili kavu iliyopondwa na chumvi kidogo kwenye bakuli linalostahimili joto, juu yake mililita 60 za mafuta ya moto. Yajaribu kwanza kwa chembe moja ya pilipili: ikitoa mapovu na kubaki nyekundu, mimina, ikigeuka nyeusi mara moja, acha mafuta yapoe kidogo. Matone machache yanatosha kwa taco moja.

Kwa meza ya watu wengi, usiwajazie. Weka tortila ndani ya kitambaa, kuku kwenye sahani iliyopashwa, vingine kwenye vibakuli, na kila mtu akunje yake akiwa anakula. Taco iliyojazwa na kuachwa robo saa hulowa hata ukifuata kila kilichoandikwa hapa.

Kutangulia na kuhifadhi

Kachumbari na sosi vinaweza kutayarishwa siku moja kabla. Kuku mwenye ute na wanga anakaa kwenye jokofu saa kadhaa. Akilala usiku mzima utando unalegea, kwa hiyo siku ya kupika ni bora. Tortila zilizobaki zifunge vizuri, zipashe kwenye kikaango kikavu au kwa mvuke.

Kuku aliyebaki aingie kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita tangu kupikwa, na aliwe ndani ya siku tatu. Ukimpasha, tia kijiko cha maji karaini, funika mpaka atoe mvuke, kisha funua na uache maji yale yaishe yote kabla hujachukua tortila.